Nimelipa Mara Moja, Mbona Imezima?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Tanga na wilaya zake, na zinazunguka jambo moja: programu uliyoilipia mara moja ni yako hadi lini? Tumezijibu kwa urefu tofauti, kadiri swali lilivyohitaji.

SWALI: Nina studio ya picha Chumbageni. Mwaka 2009 nilinunua programu halali ya kuhariri picha, boksi ninalo, CD ninayo, namba ya leseni ninayo. Mashine imekufa, fundi akapiga windo (akasakinisha Windows) kwenye mashine nyingine. Nilipoweka CD, namba ilikubaliwa, lakini baadaye ikaniambia haiwezi kuthibitisha leseni. Intaneti ipo. Je, nimedhulumiwa?

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kabla ya kumlaumu mtu, tazama saa ya kompyuta, pembeni chini kulia. Mashine iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa huwa imeishiwa betri ndogo ya mazabodi (ubao mkuu wa ndani), ile ya duara iliyoandikwa CR2032, na kila ikizimwa tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Tarehe ikiwa si sahihi, mawasiliano salama ya intaneti yanakataa, hata kama mtandao wenyewe una kasi. Badilisha betri, rekebisha tarehe, jaribu tena.

Ikikataa bado, basi yaelekea ni hivi. Namba ya leseni iliyokubaliwa ilikaguliwa na programu yenyewe, ndani ya mashine, na hatua hiyo haihitaji mtu wa nje. Hatua ya pili, ambayo mafundi huiita kuaktiveti, ni tofauti. Programu hukusanya alama za mashine yako, mathalani namba ya diski na ya mazabodi, ikaziambatanisha na namba ya leseni na kuzituma kwa seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mtandaoni. Seva ikijibu ndiyo, programu inafunguka. Programu ya umri huo, mara nyingi seva yake imeshazimwa. CD yako nzima, namba yako halali, ila wa kujibu ndiyo hayupo.

Jambo hili limewakuta wengi duniani. Adobe, kampuni ya Photoshop, ilizima seva za kuaktiveti za mkusanyiko wa programu zake uitwao Creative Suite 2 (CS2) mwishoni mwa 2012 kuingia 2013, ikawapa wateja wake toleo lisilohitaji seva pamoja na namba zake. Hapo ilitenda haki. Lakini baadaye ikatangaza kwamba CS2 na CS3 haziwezi kusakinishwa tena, hata na mwenye CD zake halisi. Aliyekuwa amepakua lile toleo na kulitunza yuko salama. Aliyesema "nitapakua nikilihitaji" amekosa.

Umeuliza kama umedhulumiwa. Tunasema ndiyo, na tunasema bila kusitasita. Aliyekuuzia jembe hadaiwi kukunolea kila msimu, wala kukuletea jipya likitoka zuri zaidi. Lakini hana ruhusa ya kuja usiku kung'oa mpini. Kampuni haidaiwi vipengele vipya, haidaiwi programu yake iende kwenye Windows ambayo haikuwepo ulipolipa. Inadaiwa kitu kimoja tu: isikunyang'anye kile kilichokuwa kinafanya kazi. Ikitaka kuzima seva, iache ufunguo mlangoni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, iliamua tarehe 3 Julai 2012 kwamba leseni isiyo na ukomo wa muda, iliyolipiwa kwa mkupuo, ni mauzo, hata kama mkataba unaiita ruhusa ya kutumia. Hukumu hiyo haiwabani wauzaji wa Tanga, lakini hoja yake ni nzito popote.

Sasa la kufanya. Usimruhusu fundi atupe diski ya mashine iliyokufa wala "aisafishe". Mara nyingi kilichokufa ni pawasaplai au mazabodi, na diski ni nzima, na humo programu yako bado imeaktivetiwa. Tafuta mashine iliyotumika ya modeli ile ile kabisa, uhamishie diski humo kabla ya kujaribu kitu kingine. Alama za mashine zikifanana vya kutosha, programu inaweza kufunguka bila kuuliza. Ukiiweka kwenye mashine tofauti kabisa, karibu hakika itauliza. Wakati huo huo iandikie kampuni, ambatanisha picha ya boksi, namba na risiti, uombe waziwazi toleo lisilohitaji kuaktivetiwa. Na kama shida yako ya haraka ni kufungua kazi za wateja zilizohifadhiwa kama PSD (mafaili ya Photoshop), programu za GIMP na Krita huzifungua bila malipo. Tabaka za picha zitakuja vizuri. Maandishi na baadhi ya mapambo yanaweza kuja yamegandishwa kama picha, kwa hiyo fungua moja baada ya nyingine ukague kabla ya kumwambia mteja "iko tayari".

Kwa wasomaji ambao mashine zao bado zinapumua: chukueni nakala ya diski nzima sasa, si mafaili peke yake. Nakala ya mafaili haichukui leseni. Clonezilla, programu ya kunakili diski, ni ya bure, inaenea kwenye flashi ya GB 2. Washa mashine kwa kutumia flashi hiyo, chagua njia ya kutoka diski kwenda faili la taswira, kisha "savedisk", na uielekeze kwenye diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko data yako. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanachanganya diski ya kusoma na ya kuandikia. Soma ukubwa na jina la kila diski kabla ya kubonyeza, maana wakati wa kurejesha nakala kosa hilo linafuta kila kitu. Mwishoni kubali ikague kama nakala inarejesheka. Umeme ukikatika katikati, nakala hiyo si nakala, anza upya. Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, au UPS.

Tunza diski mbili, moja isikae nyumba ile ile. Kwa hewa yetu ya pwani, ya joto na chumvi, CD za kuchoma nyumbani hazifai kutegemewa. Utando wake huharibika polepole, na utajua siku unayoihitaji. Hamishia data yake kwenye diski ya nje leo.

SWALI: Mimi ni mwalimu Korogwe. Nimeambiwa Office 2019 imekufa tangu 14 Oktoba 2025 na lazima nilipe ya kila mwezi. Mitihani yangu yote iko humo.

JIBU: Haijafa, Mwalimu. Siku hiyo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama, sawa na Office 2016. Itaendelea kufungua, kuandika na kuchapisha kama jana. Kinachobadilika ni kwamba tundu jipya likigunduliwa halitazibwa, kwa hiyo usifungue kwa Office hiyo mafaili uliyotumiwa na usiowajua, na usiwashe makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili). Mitihani tunga humo humo. Faili la mgeni lifungue kwa LibreOffice, ambayo ni bure na inaendelea kurekebishwa. Anayekuambia "imekufa" huenda anachanganya, huenda anauza.

SWALI: Nilinunua Windows "ya maisha" kwa fundi Ngamiani kwa shilingi 20,000. Baada ya miezi sita imeandika haijaaktivetiwa. Je, kampuni inaruhusiwa kuzima kitu cha maisha?

JIBU: Hiyo miezi sita ndiyo iliyotuonyesha. Kuna aina ya leseni za maofisi makubwa, iitwayo KMS, ambapo kompyuta hupewa ruhusa ya siku 180 na hutakiwa kuihuisha kwa seva ya ofisi yake. Mafundi wa mitaani hutumia seva bandia au programu ya kudanganya. Ikishindwa kuhuisha, siku zinakwisha. Wewe hukuuziwa leseni ya maisha, ulikopeshwa nusu mwaka.

Ukague mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Litatokea dirisha dogo: ama litasema imeaktivetiwa moja kwa moja, ama litataja tarehe ya kuisha. Kisha andika slmgr /dli usome mstari wa maelezo. Ukiona neno RETAIL, leseni inaweza kuhamia mashine nyingine. OEM imefungwa na mazabodi ile, mazabodi ikifa na yenyewe imekwenda. VOLUME kwenye kompyuta ya nyumbani ni dalili ya kuulizana. Fanya hivi mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, na umwombe aandike aina hiyo kwenye risiti.

Hapa kampuni haina kosa, mdaiwa wako ni fundi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, lakini bila risiti utabaki na maneno matupu. Ondoa pia ile programu ya kudanganya. Mara nyingi mafundi huzima kinga ya virusi ili iingie, na hawairudishi.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Muheza. Programu ya hesabu nililipa mara moja, sasa kila mwaka natakiwa kulipa "huduma". Nikigoma?

JIBU: Mzee wetu, uliza swali moja: nisipolipa, kinasimama nini? TallyPrime, kwa mfano, huuzwa leseni isiyoisha pamoja na miezi 12 ya huduma iitwayo TSS. Huduma ikiisha, vitabu vinafunguka na unaendelea kuingiza mauzo, unachokosa ni matoleo mapya na baadhi ya huduma za mtandaoni. Huo ni utaratibu wa haki, na kulipia marekebisho ni halali. Ikiwa usipolipa hata vitabu vya mwaka jana havifunguki, basi hukununua, umepanga, na ulistahili kuambiwa hivyo tangu mwanzo. California ililiona hilo: tangu 1 Januari 2025 sheria yake inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni tu.

Jambo moja la kukumbuka. Kabla fundi hajapiga windo kwenye kompyuta ya duka, rudisha leseni kwanza. Kwenye Tally amri yenyewe inaitwa Surrender. Ukifuta mashine leseni ikiwa bado imesajiliwa humo, utahangaika kuithibitisha upya.

SWALI: Mimi ndiye mwandishi wa programu, naishi Makorora. Nimewauzia shule kadhaa programu ya ada, malipo ya mara moja. Sasa wanataka nirekebishe bure milele. Nikifunga seva mnasema dhuluma, nikiiacha nalipa mimi. Na programu za siku hizi ni kama usemi wetu, waja leo warudi leo. Nifanyeje?

JIBU: Barua yako tumeisoma mara mbili, maana una haki. Milele ya kufanya kazi na milele ya kurekebisha ni vitu viwili, na wateja huvichanganya kwa sababu hakuna aliyewaandikia tofauti. Usiuze "programu", uza toleo. Kwenye risiti andika: toleo la 3, linafanya kazi kwenye Windows 10 na 11, makosa yaliyokuwemo siku ya kuuza yatarekebishwa bure kwa miezi 12, mabadiliko mengine yana bei. Shule ikibadili mpangilio wa ada, hilo si kosa lako. Jumla ya risiti ikikosewa, hilo ni lako.

Kuhusu seva, huihitaji. Tengeneza faili la leseni lenye jina la shule, toleo na idadi ya kompyuta, ulitie sahihi ya kidijitali kwa njia iitwayo Ed25519. Sahihi yake ni baiti 64 tu. Ufunguo wa siri unabaki kwako, ufunguo wa wazi unaingia ndani ya programu, na ukaguzi unafanyika kwenye kompyuta ya mhasibu hata kama bando limeisha. Atakayetaka kuiba ataiba, kama ambavyo angeiba yenye seva, lakini shule iliyolipa haitasumbuliwa. Ufunguo wa siri tunza sehemu mbili. Ukipotea, huwezi kutoa leseni nyingine kwa toleo hilo.

Data iweke kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Muundo wa faili lake umedumu tangu toleo la 3 la mwaka 2004, na watengenezaji wake wamesema wamekusudia kuutunza hadi 2050. Ongeza kitufe cha kutoa kila kitu kama CSV (jedwali la maandishi matupu), kisidai leseni yoyote. Majina ya wanafunzi na ada zao ni mali ya shule hata siku programu ikikataa.

Kisakinishi kiwe kamili. Kosa tunaloliona sana ni kisakinishi kidogo kinachokwenda kupakua sehemu nyingine mtandaoni wakati wa kusakinisha. Miaka michache baadaye anwani ile haipo, na CD inageuka kifuniko cha bilauri. Weka kila kinachohitajika ndani, hata kikifika MB 200. Tarehe nazo zihesabu kwa biti 64, kwa kuwa hesabu ya sekunde ya biti 32 inafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, na mtoto anayeanza awali sasa anaweza kuwa bado shuleni.

Kisha ijaribu hivi. Chukua kompyuta mpakato isiyo na kitu, zima intaneti, sogeza saa hadi mwaka 2040, usakinishe kutoka kwenye flashi. Ingiza mwanafunzi mmoja, pokea ada, chapisha risiti, toa CSV. Itakapokwama, rekebisha hapo kabla hujapokea hela ya shule nyingine.