Afisa wa uhamiaji akikwambia "rudi wiki ijayo", mwandikie barua

Sisi watu wa Lamu tumezoea kumaliza mambo kwa mdomo. Barazani ni sawa. Kwenye ofisi ya uhamiaji, maneno ya mdomo ndiyo yanayokumaliza wewe, kwa sababu kesho hakuna anayekumbuka kuyasema.

Mpwa wangu aliomba pasipoti akiwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wake. Bado aliulizwa babu yake alizikwa wapi. Wabajuni wenzangu, sisi wa pwani ya kaskazini ambao uraia wetu hutiliwa shaka, mnalijua swali hilo. Kisha akaambiwa faili "liko juu", arudi. Kurudi kwenyewe ni boti hadi Mokowe, halafu basi na vizuizi vya barabarani hadi Mombasa!

Kilicholishusha faili ni barua ya ukurasa mmoja: tarehe, nambari ya ombi, jina la dirisha alilohudumiwa, na ombi moja tu, apewe sababu za kucheleweshwa kwa maandishi. Tukapeleka nakala mbili, yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri usiuache. Afisa akikataa kuugonga, tuma barua kwa rejista ya posta.

Pasipoti si hisani. Kifungu cha 12 cha Katiba kinaitaja kuwa haki ya raia, na cha 47 kinakupa sababu za maandishi ukiathiriwa na uamuzi. Tena sheria ya 2015 ya utendaji wa haki wa kiutawala ina jino ambalo wengi hawalijui: ofisi ikiombwa sababu ikae kimya miezi 3, uamuzi wake huhesabiwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, hadi yenyewe ithibitishe vinginevyo. Ukitaka taarifa tu, sheria ya 2016 ya kupata taarifa inawapa siku 21. Wakipuuza, peleka nakala zako kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, halipishi.

Mahakama nayo? Inasaidia, ila polepole. Katika sakata la Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa aliyezuiwa kuingia nchini, 2018, Mahakama Kuu iliwatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja, kwa kudharau amri zake, waziri wa usalama wa ndani, mkuu wa polisi na mkurugenzi wa uhamiaji. Hata hivyo Miguna alifukuzwa nchini, akarudi 2022.

Ukiombwa kitu kidogo, usikiandike kwenye barua hiyo hiyo ya kuomba sababu. Hilo ni la EACC, tume ya kupambana na ufisadi, lipeleke peke yake, maana watashughulika na tuhuma wakusahaulishe pasipoti.