Kabla hujaweka anotesheni, uliza nani ataisoma

Vijana wengi ninaokagua msimbo wao hapa Mombasa wanaandika programu za mawakala wa forodha, na juu ya kila klasi (fungu la msimbo) na methodi (kazi iliyo ndani yake) wamejaza anotesheni, yaani alama zinazoanza na @. Ukimuuliza mtu hii ni ya nini, utasikia: "Bila hiyo haikubali." Hapo ndipo ninapovuta kiti.

Anotesheni, ambazo lugha ya programu ya Java inazo tangu toleo la 5 la mwaka 2004, zenyewe hazitendi chochote. Ni kama lebo kwenye kontena pale Kilindini: haiinui mzigo, inangoja karani aisome. Kwa hiyo mtafute karani kwanza.

Kwa @Override, inayosema methodi hii inachukua nafasi ya ile iliyorithiwa, karani ni kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa faili za .class. Chukua klasi ya Kontena yenye methodi equals(Kontena k). Inaonekana sawa kabisa, lakini HashSet, mkusanyo wa Java usioweka vitu viwili vilivyo sawa, inaita equals(Object o), nayo hujaiandika. Matokeo yake, kontena lenye nambari ileile linaingia mara mbili, na huoni kosa lolote. Ungeweka @Override, kompaila ingekataa palepale. Hii mimi siisamehe ikikosekana.

Ukitunga anotesheni ya kwako ndipo kuna mtego. Usipoandika @Retention, inayosema anotesheni idumu hadi hatua gani, Java huichukua kuwa CLASS: inabaki ndani ya faili ya .class, ila rifleksheni, njia ya programu kujichunguza yenyewe, haiioni programu ikishaanza kukimbia. Timu moja ilitunga @Lazima kwa sehemu za fomu zisizotakiwa kuachwa tupu. Kikaguzi chao kikapita kila sehemu, kisione kitu, na kisilalamike. Fomu tupu zikawa zinapita tu. Dawa ilikuwa mstari mmoja: @Retention(RetentionPolicy.RUNTIME). Ongeza na @Target, inayotaja inaruhusiwa kuwekwa wapi, mtu asije akaiweka mahali isikohusika.

Wanaotumia Spring, mfumo wa kujengea programu za Java, nao wajue: @Transactional, inayoomba muamala (mabadiliko ya hifadhidata yanayofaulu au kushindwa pamoja), kwa mpangilio wa kawaida husomwa na proksi, kitu cha kati kinachopokea miito kabla ya klasi yenyewe. Methodi ikiitwa na mwenzake wa klasi ileile, mwito haupiti kwa proksi, na muamala mpya haufunguliwi. Ihamishie klasi nyingine.

Na tafadhali, viwango vya ushuru visikae ndani ya anotesheni. Thamani zake lazima ziwe zimejulikana wakati wa kukompaili, kwa hiyo serikali ikibadilisha kiwango utakompaili upya na kuwapelekea wateja wote toleo jipya. Viweke kwenye hifadhidata.