Supu ya mwani ya Kikorea: usikimbilie kutia maji

Binti yangu nilimzaa Busan, Korea Kusini, mbali na mama na uji wake wa pilipili manga. Tuliporudi nyumbani, bibi jirani aligonga mlango akiwa na sufuria iliyofungwa kitambaa. Ilikuwa miyeokguk, supu ya mwani ambayo Wakorea humpikia mzazi kwa majuma kadhaa. Nilimaliza bakuli la kwanza nikaomba la pili, na nilipopata nguvu nilimwomba anifundishe.

Mwani wenyewe si ule unaolimwa Paje na Jambiani, kule Zanzibar. Huu huitwa miyeok, na huuzwa mkavu, mweusi, umejikunja kama majani ya chai. Ukiukosa, tafuta wakame, jina lake la Kijapani. Kwa watu wanne gramu 20 zinatosha. Najua utaona ni kidogo. Mimi nililoweka nusu pakiti, nikarudi nikakuta mwani umefura hadi umemwagika nje ya beseni. Uloweke dakika 20 hivi kwenye maji baridi, uusuuze mara mbili au tatu, uukamue, kisha uukate vipande vinavyoenea kwenye kijiko.

Sasa hapa ndipo supu inapopatikana au kuharibika. Pasha kijiko kikubwa cha mafuta ya ufuta kwa moto wa wastani, kaanga gramu 150 za nyama ya ng'ombe ya kidari iliyokatwa vipande vidogo, pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa. Nyama ikibadilika rangi, tia mwani na kijiko kimoja cha guk-ganjang, sosi ya soya ya supu, yenye chumvi kali na rangi nyepesi. Endelea kugeuza kwa mwiko dakika tano nzima. Mwani utang'aa, na ile harufu kali ya pwani itatulia. Nilipokuwa na haraka nikaruka hatua hii, nilipata maji ya chumvi yenye majani ndani.

Kisha tia maji lita moja na nusu. Yakichemka engua povu, punguza moto, acha dakika 40. Mchuzi utageuka mweupe kidogo na kuwa mzito. Onja ndipo uongeze sosi au chumvi. Kitunguu cha majani usitie, bibi alinikataza kabisa. Supu hii huliwa na wali, na ikilala ikapashwa asubuhi huwa tamu zaidi.

Mwani una madini ya joto mengi sana, kwa hiyo mwenye maradhi ya tezi ya shingo amuulize daktari kwanza, hata kama ni mzazi.

Wakorea huila pia asubuhi ya siku ya kuzaliwa, kwa kumkumbuka mama aliyejifungua. Kila mwaka siku ya binti yangu ikifika, huloweka mwani kabla hajaamka. Bakuli la kwanza humpa yeye, kisha nampigia mama simu.