Mkojo kuvuja baada ya upasuaji wa tezi dume
Mkuu, umeuliza kama mzee wako kuvuja mkojo wiki tatu tangu mpira wa mkojo utolewe ni dalili kwamba upasuaji wa tezi dume ulikosewa. Hapana, si dalili hiyo. Wengi hurudi sawa kati ya miezi 3 na 12. Baba yangu, tuko Nyegezi, Mwanza, alivaa nepi za watu wazima karibu miezi 5, hata kwenda mwaloni kununua sato akawa anaona haya. Kilichomsaidia ni kubana misuli kama unazuia ushuzi, sekunde 5, unaachia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Mzee wako asifanye zoezi hili huku anakojoa. Maji asiache, apunguze chai na kahawa tu. Asipokunywa maji, mkojo unakuwa mzito na unakisumbua kibofu zaidi. Ila akipata homa au mkojo ukigoma kabisa, hospitali siku hiyohiyo.