Mafuta ya karafuu kwenye chumvi ya kuogea: dada, usimimine!

Dada, weka hiyo chupa chini kwanza. Unasema una kilo ya chumvi kwa ajili ya singo ya mdogo wako, yaani kumsugua na kumwogesha kabla ya harusi, unataka kuitia matone 40 ya mafuta ya karafuu, halafu unauliza itakaa muda gani na uifungashe kwenye vikopo gani. Vikopo baadaye.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka juzi, hapa hapa Tanga, kwa binti wa mama mkubwa. Chumvi nilichukua ya mawe, mafuta nikanunua kwa muuzaji wa viungo. Nikamuuliza mara mbili, hayaunguzi? Akanijibu, "Hii ya asili mama, haina madhara, na chumvi inayavunja makali." Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Upupu nao si wa asili? Na chumvi haivunji kitu! Inayeyuka yenyewe, mafuta yanabaki vile vile.

Kama huamini, chukua glasi ya maji, koroga chumvi kidogo tu mpaka iishe, dondosha tone la karafuu. Utaliona linashuka taratibu kama ushanga wa njano na kukaa chini. Mafuta mengi ya namna hii huelea, ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Sasa fikiria bi harusi ameketi kwenye beseni. Yale mafuta yalikuwa yanamngoja pale pale alipokalia, makali, hayajapunguzwa na chochote.

Dakika tano hazikufika akaanza kulia. Tulipomwinua, mapaja kwa nyuma yalikuwa yameiva mabaka mabaka mekundu. Tukamwagia maji, ndoo baada ya ndoo, maji yanateleza tu juu ya mafuta. Bibi mmoja jirani ndiye aliyetuokoa: akampangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kisha sabuni, kisha maji. Malengelenge yalitoka hata hivyo. Zahanati tulikwenda usiku ule, na siku ya kutolewa nje mwari wetu hakuweza kukaa kitini. Alisimama mbele ya wageni, amejifunga kanga laini ndani, anatabasamu huku machozi yanamlenga. Sikuzembea, niliuliza, nikadanganywa.

Kwa hiyo shika hili moja: mafuta makali hayaingii majini mpaka yachanganywe kwanza na mafuta ya kupaka ngozi, kama ya nazi. Kijiko kikubwa kimoja cha nazi, kama mililita 15, matone 3 ya lavenda, basi, hayo ni ya kuoga mara moja. Changanya hayo ndipo uyatie kwenye chumvi. Karafuu, mdalasini na mchaichai usiweke kabisa kwenye maji ya kukalia, hata tone. Yujenoli, ile kemikali kali iliyomo kwenye karafuu, ndiyo hiyo hiyo inayotia ganzi jino, sembuse ngozi ya mwari iliyokwisha suguliwa kwa liwa! Na beseni likimwagwa, sugueni sakafu kwa sabuni, nazi inateleza.

Kama umeshaichanganya hiyo kilo, usimpe mtu aogee. Iweke kwenye kibakuli chooni inukie, juu kabisa, mtoto asiifikie akaitia mdomoni.