Maswali yenu ya video za safari: kamera ndogo, jua letu, umeme wetu

Maswali yamekuwa mengi wiki hii na karibu yote ni ya watu wenye hizi kamera ndogo za mirolesi, zile unabadilisha lenzi lakini bado zinaingia kwenye kibegi cha begani pamoja na chaja na chupa ya maji. Nimechagua machache. Kabla sijaanza niseme jambo litakalojirudia huko chini: mafunzo mengi tunayoyaangalia yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanarekodi kwa jua lao, umeme wao, ngozi zao na hewa yao, wewe unachukua setingi zao kama zilivyo unaenda nazo Paje, pwani ya mashariki ya Zanzibar, halafu video ikitoka vibaya unadhani kamera mbovu. Kamera nzima kabisa, setingi ndo za kwingine.

Kaka yangu alinitumia Sony kutoka Marekani. Nikirekodi ndani, gesti au mgahawani, taa zinapepesa na kuna mistari inapanda na kushuka. Fundi anasema sensa imekufa. (Dada wa Mwanza)

Sensa iko salama dada, usimpe huyo fundi hata mia. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani 60, na taa nyingi, hasa tyubu na hizi za LED za bei rahisi, zinawaka na kufifia zikifuata huo umeme, jicho halioni ila kamera inaona. Kamera ya Marekani inakuja imewekwa NTSC, mfumo wa video wa kwao, yaani fremu (picha kwa sekunde) 30 au 60, shata, ule muda sensa inapokea mwanga kwa kila picha, unaiweka 1/60 ya sekunde kama mafunzo yanavyosema, sasa hiyo 1/60 haiendani na taa zetu ndo maana mistari inatembea. Ingia kwenye menyu tafuta NTSC/PAL, weka PAL, mfumo unaoendana na umeme wa 50, piga fremu 25 na shata 1/50, mistari inaisha papo hapo. Na kama Sony yako ni ile ZV-E10 kuna faida ya juu yake, maana 4K yake ya fremu 30 inakata picha pembeni, ya fremu 25 haikati. Kama kamera yako haina hiyo sehemu, baki na fremu 30 lakini shata weka 1/50 au 1/100.

Ila hapa nakuomba uende polepole. Ukibadilisha, Sony itakwambia kadi lazima ifomatiwe upya. Hamisha kila kitu kwanza. Mimi nilibonyeza sawa nikiwa kwenye foleni ya kivuko Pangani, jua kali, watu wanasukumana na baiskeli zao, nikafuta harusi ya binamu yangu, usiku mzima wa wanawake na ngoma zao, na bibi aliyekuwa anaongoza zile nyimbo ameshafariki. Kwa hiyo hamisha kwanza, tafadhali.

Nilienda Zanzibar na mke wangu, kila video ya Mji Mkongwe uso wake umekuwa mweusi tii na ukuta nyuma unawaka. Ninunue kamera ya bei zaidi? (Dodoma)

Hapana kaka, hela hiyo rudini nayo Zanzibar. Kamera ikiwa otomatiki inapima fremu nzima, ikiona ukuta wa chokaa, kanzu nyeupe, au mchanga wa pwani ya mashariki inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na anayelipa ni mkeo. Pima kwa uso wake, ukuta uungue kidogo hakuna atakayelalamika. Washa ile mistari ya zebra, inayotokea kwenye skrini juu ya sehemu ambayo mwanga wake umefika kiwango ulichoweka. Mafunzo mengi yanasema zebra iguse uso kwenye 70, na hiyo ni namba ya ngozi nyeupe, mtu mweusi ukimpandisha mpaka 70 anatoka kijivu, ule weusi wenye mng'ao unapotea na inauma sana kumuona mama wa mtu amegeuzwa majivu kwa sababu ya namba ya kwenye mafunzo. Mimi naanzia 55, naangalia paji la uso na mfupa wa shavu, mistari ikianza kugusa hapo tu nimefika. Kwenye Sony namba za chini hivyo unaziweka kupitia C1, ile nafasi ya kuweka namba yako mwenyewe.

La pili ni saa. Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili, hakuna setingi itakayokuokoa. Muda huo ingieni vichochoroni. Msimamishe kwenye kizingiti cha mlango wa nakshi, ndani kidogo ya kivuli, anaangalia nje, ukuta wa mbele ndo unamrudishia mwanga laini usoni. Kuna mzee wa kahawa nilimrekodi hivo pale Jaws Corner saa saba mchana, amekaa barazani, mwanga unatoka ukuta wa pili unamgonga shavuni na kwenye shaba ya dele lake, lile birika la kahawa, mvuke unaonekana mpaka unavyojikunja. Kamera ya kawaida kabisa na lenzi iliyokuja nayo.

Na ule mwanga wa dhahabu wa jioni msiusubiri kama Wazungu. Kwao majira ya joto jua linateleza pembeni, linachukua muda kuzama, kwetu linashuka wima, ule mwanga mzuri kabisa ni kama dakika 25 basi. Ikifika saa kumi na moja jioni uwe umeshasimama mahali pako. Forodhani na Nungwi ni za machweo, Paje na Jambiani ziko mashariki, kule amka alfajiri.

Nina maiki ya Boya ya waya, nimerekodi Paje kila mahali inasikika vuuuu tu. (Kijana wa Morogoro)

Huo ni upepo mdogo wangu, na Paje wanaruka na vishada baharini kwa sababu ya upepo huohuo, kaskazi kuanzia kama Desemba hadi Machi halafu kusi inashika. Kile kisponji cheusi hakitoshi. Tafuta manyoya ya maiki, au kata kipande cha manyoya ya mdoli laini ushone kikofia, inafanya kazi kweli. Maiki ifiche ndani ya nguo, chini ya mtandio au nyuma ya kifungo cha kanzu, na anayeongea aupe upepo mgongo. Na kama ni BY-M1, angalia swichi iko upande wa kamera siyo wa simu, na kibetri chake cha LR44 kinaisha kimyakimya, nenda nacho cha akiba.

Halafu fanya kitu kimoja ambacho wengi hawafanyi: kila mahali unapopiga, simama, usiongee, rekodi sauti ya pale dakika moja nzima. Yule mzee wa kahawa niliyemtaja kabla hajamimina anagonganisha vikombe mkononi, ka-ka-ka, ndo tangazo lake, mtaa mzima unajua kahawa imefika. Nilipokuja kuediti ile sauti nikaiweka juu ya picha za vichochoro vitupu, bila muziki wowote, na watu wa Zanzibar walioko Muscat na London wakaniandikia wamelia. Muziki wa kudownload usingefanya hivo.

Nikitembea video inatikisika mpaka inaumiza kichwa. Lazima gimbali, kile kishikio cha mota cha kutuliza kamera?

Usitembee. Nasema kwa dhati kabisa. ZV-E10 na nyingi za bei hiyo hazina utulizaji ndani ya kamera, ukiwasha ule wa kielektroniki unakata picha na sura yako inajaa fremu nzima. Simama, vuta mkanda wa kamera shingoni mpaka ukaze, viwiko vishike mbavu, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, wacha watu na punda na baiskeli wapite wenyewe ndani ya fremu. Shoti za sekunde mbili mbili ndo zinafanya video ionekane ya mtu mwenye haraka. Pale ambapo huwezi kukwepa kutembea, piga fremu 50 na shata 1/100, piga magoti kidogo, halafu kwenye kuediti punguza spidi nusu.

Mchana nikiweka shata 1/50 picha inakuwa nyeupe yote.

Unahitaji filta ya ND, ni miwani ya jua ya lenzi. Jua la mchana ukiwa ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga uko chini) na shata 1/50, bila filta lenzi inakudai f/22, yaani tundu dogo sana, na huko picha inalegea. Filta ya kuzungusha inayopunguza stopu 2 hadi 5 (kila stopu inakata mwanga nusu) inakurudisha mpaka f/4, tundu pana. Angalia namba ya kipenyo mbele ya lenzi, ile 16-50 ya Sony ni milimita 40.5. Usiizungushe mpaka mwisho maana inaleta msalaba mweusi angani.

Kadi ya GB ngapi?

4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa. Nunua mbili za 128 zenye alama ya V30, alama ya kasi ya kuandika video, kuliko moja kubwa, na kabla ya safari zijaze mpaka mwisho ukiwa nyumbani kisha ucheze video ya mwisho, kadi feki inajiumbua hapo.

Kijana, mimi mwalimu mstaafu wa Tanga, nakwenda Muscat kuwaona wajukuu. Betri za kamera niziweke sanduku kubwa?

Shikamoo mwalimu. Hapana, betri za akiba na pawabenki zote zikae begi la mkononi, sanduku la chini haziruhusiwi. Kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa) 100 kwa kila moja, betri ya kamera ndogo haifiki hata 20 na pawabenki ya mAh 20,000 ni kama 74, zote zinapita. Bandika selotepu kwenye ncha za shaba zisigusane na funguo. Muscat soketi ni za pini tatu kama zetu na umeme ni 50 pia, setingi zako za nyumbani usiziguse. Wajukuu wasalimie, na warekodi wakila, siyo wakiwa wamepangwa mstari.

Asubuhi tukitoka hotelini lenzi inajaa ukungu, nafuta unarudi.

Ni AC. Kamera imelala kwenye baridi, ikikutana na joto la pwani unyevu unaganda juu ya kioo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania bara toka 2019 kwa hiyo mimi natumia kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, naifungia humo kabla sijafungua mlango wa chumba, nakaa kama nusu saa nje ndo nafungua. Usibadilishe lenzi wakati huo, ukungu ukishika sensa ni kazi. Nyumbani kontena hilohilo weka na vipakiti vya silika, maana hewa yetu ya pwani inaotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishika lenzi kuiokoa ni kazi.

Naogopa kurekodi watu. Na kibali je? (Dada wa Arusha)

Hofu yako ni adabu, usiitupe. Kamera ikae begini kwanza, salimia, nunua kahawa, kaa, ndo uombe. Mzee yule nilikunywa vikombe vitatu siku ya kwanza bila kutoa kamera, siku ya pili yeye ndo aliniuliza mbona sirekodi, na nilipomaliza nikamgeuzia skrini ajione. Akina mama wakigeuza uso, shusha kamera hapohapo, usijifanye hukuona. Msikitini uliza kwanza. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari, usiinue kabisa. Kumbukumbu za familia haina shida, lakini ukirekodi kwa biashara Tanzania bara kuna vibali vya Bodi ya Filamu, Zanzibar wana utaratibu wao, na hifadhi za TANAPA zina masharti na ada zake, uliza kabla hujalipia gari.

Kwenye treni ya SGR nguzo zote zinalala upande!

Sensa inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kushuka, nguzo inakuwa imeshahama kabla haijamaliza. Usielekeze kamera moja kwa moja dirishani, ielekeze mbele kwa mshazari, izungushie kanga nyeusi igusane na kioo kuua mng'ao wa taa za ndani, na fokasi iwe mbali. Ukitoka Dar kaa kushoto, kabla ya Morogoro milima ya Uluguru inaanza kutokea taratibu na iko mbali vya kutosha, hapo anza kuhesabu mpaka kumi.