Mtaala umeingia darasani, simu imebaki getini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama walimu wanaiweza kasi ya teknolojia shuleni. Mimi nafundisha jiografia katika shule ya sekondari wilayani Busia, upande wa Uganda, na kwa maoni yangu kasi hiyo tunaiweza. Kinachotutatiza ni maagizo yanayopingana.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi atafute habari mwenyewe, afanye mradi na kueleza alichogundua. Ni mtaala mzuri, ila haukupata hata muhula mmoja wa utulivu, kwani Machi mwaka huohuo shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katikati ya kipindi hicho, Julai 2021, serikali iliifuta kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, kisha ikaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Wakati watoto wakiambiwa wasomee nyumbani, bando likawa linatozwa ushuru.

Leo mwanafunzi anaagizwa atafiti, lakini haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sababu za katazo hilo nazielewa. Sisi tumebuni daftari la maswali: wanafunzi wanaandika mchana, jioni mwalimu mmoja anatafuta majibu kwa simu na bando lake, na asubuhi yanajadiliwa darasani. Muhula uliopita kikundi kimoja kiliuliza kwa nini Ziwa Victoria lilifurika mwaka 2020. Simu ilituletea vipimo vya ziwa vilivyochukuliwa mjini Jinja, vinavyoonyesha kwamba maji yalifikia kiwango cha juu kilichokaribiana sana na kile cha mwaka 1964. Mwalimu mwenzetu anayekaribia kustaafu, ambaye bado anachapa kwa kidole kimoja, ndiye aliyependekeza wanafunzi waende Majanji, kando ya ziwa, wakawaulize wazee wa uvuvi maji ya miaka ile yalifika wapi. Walirudi na ramani waliyoichora kwa mkono, ambayo hakuna tovuti ingewapa.

Mwalimu huyo hakuhitaji semina ya siku moja yenye chai na cheti. Alihitaji wenzake wa kumwelekeza pole pole, kila anapokwama. Kwa hiyo, ombi langu kwa wizara ni dogo: saa za walimu kufundishana ziingizwe kwenye ratiba, na bando la kazi lilipwe na shule, kama inavyolipia chaki.